Mwongozo kamili wa kurudia misimu 15 ya Supernatural barazani na kubishana bila kununiana

Supernatural ni tamthilia ya Marekani ya ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanaowinda mizimu na mashetani. Kwa miaka minane nilishikilia kwamba yule malaika wao, Castiel, alitokea msimu wa tatu. Nilisema hivyo kwenye baraza za Mjini, Unguja, nikasema hivyo ndani ya boti ya kwenda Pemba, na siku moja hapa Wete nikaahidi kilo mbili za halua kama nimekosea. Tulipofungua tukakuta Castiel anaingia sehemu ya kwanza ya msimu wa nne, iliyoonyeshwa Marekani Septemba 2008. Msimu wa tatu hayumo hata kivuli chake. Halua nilinunua, na binamu yangu hakuniachia hata kipande cha kulambia kidole.

Hapo ndipo tulipoamua kuirudia yote kwa utaratibu. Jaribio la kwanza lilitufia msimu wa saba kwa sababu hatukuwa na utaratibu wowote. La pili tulilifikisha mwisho kwa miezi 14. Ninayoyaandika hapa yametoka katika yote mawili, zaidi lile lililokufa.

Anza na hesabu

Misimu ni 15 na sehemu ni 327, kuanzia Septemba 2005 hadi Novemba 2020. Kila sehemu ina dakika 42 hivi, kwa hiyo jumla ni saa 229. Mkitazama sehemu mbili kwa usiku, siku tatu kwa wiki, zitakuchukueni wiki 54 na nusu. Ongezeni Ramadhani, Idi mbili, harusi za ukoo na usiku wa Simba na Yanga. Ndiyo miezi yetu 14 hiyo. Atakayekwambieni mtamaliza kwa miezi mitatu, mwacheni atazame peke yake.

Kama mnatazama kwa intaneti, ubora wa kawaida hula kiasi cha GB 0.7 kwa saa. Kazi nzima ni kama GB 160. Msithubutu kwa bando la siku. Tafuteni mwenye intaneti ya mwezi nyumbani, apakue sehemu za wiki nzima kupitia programu aliyoilipia, na mzitazame mapema kwa sababu zilizopakuliwa huwa na muda wake wa kuisha. Umeme ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Televisheni ya inchi 32 inakula kama wati 50, hivyo saa zote hizo hazifiki uniti 12 za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Sisi tulikubaliana kila mmoja anunue umeme mwezi wake, mama mwenye nyumba asije akasema tunamtia hasara. Hata hivyo alisema.

Watu

Watano wanatosha, saba ndio mwisho. Wakizidi, nusu yao wanakuwa wamekuja kwa ajili ya bajia.

Katika hao, mjuaji awe mmoja tu. Wawili wakikutana, wengine wote mnageuka wasikilizaji wa kesi isiyowahusu. Na lazima awepo mmoja ambaye hajawahi kuiona kabisa. Kwetu alikuwa shemeji yangu, na ndiye aliyetufaa kuliko sote, kwa sababu aliuliza yale ambayo sisi tulishaacha kuyaona. Msimu wa kwanza tu aliuliza: "Hawa ndugu wanalala hoteli kila siku, pesa wanapata wapi?" Jibu limo ndani ya tamthilia, wanatumia kadi za benki za majina ya uongo na kucheza pool kwa pesa, lakini ubishi uliofuata kuhusu kama Dean ni shujaa au mhuni aliyepata kazi nzuri ulitufikisha saa sita za usiku.

Kwa sababu yuko mgeni, pigeni marufuku kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Mwenye kutoa siri ya mbele ananunulia wote kahawa siku inayofuata. Hata kuguna kunahesabika. Binamu yangu alitozwa faini kwa kusema "mtizame vizuri huyu" pale mzee Bobby Singer, rafiki wa baba yao wale ndugu, alipotokea mara ya kwanza, mwisho wa msimu wa kwanza. Alikata rufaa. Tukaikataa.

Mkalimani naye mchagueni kwa uangalifu. Kizungu cha wale ndugu kina mafumbo mengi na matani ya filamu za kwao, na maandishi ya chini hupita upesi. Kama yupo mama au mjomba anayetaka kusikia kwa Kiswahili, mkalimani aeleze sehemu ikisimama, asipige domo juu ya maneno ya waigizaji, na asitie chumvi. Chumvi katika tamthilia hii ina kazi yake, inazuia mizimu. Ya mkalimani haizuii kitu.

Siku na saa

Hili nililidharau, na ndilo lililotuvurugia jaribio la kwanza. Tulikubaliana kukutana "usiku wa Ijumaa". Wakubwa wakaja Alhamisi baada ya Isha, kwa sababu kwa hesabu ya Kiswahili siku huanza jua likizama. Vijana wakaja Ijumaa yenyewe. Kila upande ukaona umedharauliwa, na watu wawili hawakurudi tena. Kwa hiyo semeni: "Alhamisi, magharibi ikishapita, tukitoka kuswali Isha." Na bora zaidi, usiku huo muuache kabisa. Nyumba nyingi husomwa Yasini, na si adabu ukumbi mmoja wanasoma na wa pili linalia zimwi.

Sisi tulishika Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, kuanzia saa mbili na nusu. Ramadhani tulifunga duka. Wako waliotaka tuendelee baada ya tarawehe, lakini shangazi alituangalia mara moja tu na ikatosha.

Tazameni ndani, bishaneni nje. Ukumbini kimya, simu chini, sehemu mbili mfululizo. Kisha mnatoka barazani kwenye kahawa na kashata. Mkichanganya, mtakosa vyote viwili. Mtu anayebishana mbele ya televisheni hujibu picha, hajibu mwenzake.

Daftari, na hukumu kabla ya kutazama

Kama mtachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukueni hii.

Nunueni daftari la skuli la mistari. Kabla ya kuanza kila msimu, kila aliyewahi kuutazama aandike mambo matatu bila kuonyeshana: msimu huu naupa alama ngapi kati ya 10, tukio gani ninalolikumbuka zaidi, na jambo gani nina hakika lilitokea humu. Kisha daftari linafungwa, anakaa nalo yule mgeni. Msimu ukiisha, mgeni anasoma kwa sauti.

Mtacheka hadi mshike mbavu. Katika msimu wa pili, watu wawili waliandika kwamba baba wa Dean na Sam, John Winchester, alikufa katikati ya msimu "baada ya kuugua hospitali muda mrefu". Anakufa sehemu ya kwanza kabisa. Mwingine aliandika kwamba msimu wa tatu ulikuwa mrefu na wa kuchosha, na huo ndio mfupi kuliko yote, sehemu 16 tu.

Tulichojifunza ni kwamba ubishi wetu wa miaka yote haukuwa juu ya tamthilia. Tulikuwa tunabishana juu ya tulichobakishiwa na kumbukumbu, na kila mtu kabakishiwa chake. Daftari linakuondolea ule usemi wa "mie siku zote nilisema hivyo". Hukusema, yakhe. Hati yako hii hapa.

Ongezeni swali la nne, ambalo sisi tuliligundua tumechelewa: mara ya kwanza uliutazama wapi, na nani?

Msimu wa tano niliupa 10. Nilikuwa Mjini wakati ule, nakaa kwa mjomba katika nyumba za Michenzani. Msimu ulianza kuonyeshwa Septemba 2009, na Desemba umeme wa Unguja ukakatika kwa kuharibika mitambo ya waya wa chini ya bahari kutoka bara. Giza hilo lilidumu karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Kulikuwa na kijana jirani mwenye jenereta dogo, tunachangia petroli, tunajazana chumba kimoja watu kama 20, madirisha wazi kwa joto la kaskazi, tunatazama habari za mwisho wa dunia na nje mji mzima mweusi. Ukitoka hapo kushuka ngazi unashika ukuta. Nani asingetoa 10?

Nilipoutazama tena kwa taa za kawaida na feni inazunguka, nikaupa 8. Bado mzuri sana, na sehemu ya nane, ile wanayonaswa ndani ya vipindi vya televisheni, imezidi kunoga. Lakini zile alama mbili zilikuwa za jenereta.

Mpime kwa zama, msipime kwa msimu peke yake

Wengi wanabishana "msimu wa sita ni mbovu, wa nane ni mzuri" kana kwamba misimu ilijiandika. Jueni nani alikuwa nahodha. Eric Kripke, aliyeibuni, aliongoza misimu mitano ya mwanzo. Sera Gamble akashika wa sita na wa saba. Jeremy Carver kutoka wa nane hadi wa 11. Kisha Andrew Dabb pamoja na Robert Singer wakaipeleka hadi mwisho. Mkiligawa daftari kwa zama hizo nne, ubishi unapata mifupa. Kwa mfano, malalamiko kwamba "baada ya msimu wa tano hadithi ilishakwisha" yana msingi: Kripke aliitunga kwa mpango wa miaka mitano, na sehemu ya mwisho ya msimu wa tano, Mei 2010, imefungwa kama mtu anayefunga mlango. Mwenye kutetea misimu kumi iliyofuata ana kazi ya kuonyesha mlango ulifunguliwa kwa faida gani. Mimi ni wa upande wake, na hoja yangu kubwa ni msimu wa 11, sehemu ya nne, iliyopigwa picha yote kutoka ndani ya gari la ndugu hao, Impala ya 1967. Msimu wa pili wasingethubutu.

Vilevile ulizeni mambo ya nje ya hadithi kabla ya kuhukumu. Msimu wa tatu ni mfupi kwa sababu waandishi wa Hollywood waligoma kutoka Novemba 2007 hadi Februari 2008. Ile haraka ya mwisho wake inaeleweka ukijua hilo, na sehemu ya 11, Jumanne isiyokwisha, inabaki kuwa kito hata hivyo. Msimu wa 15 nao ulikatizwa na korona Machi 2020 zikiwa zimebaki sehemu mbili hazijapigwa picha. Walirudi kuzimalizia Agosti, kwa masharti. Hiyo haimaanishi mwisho ule ni mzuri. Inamaanisha tu kwamba ukilalamika watu ni wachache mno, unajua wengine walizuiwa na nini.

Kama hamna mwaka mzima

Msiruke ovyo. Sisi tulimtengenezea binamu aliyeko Chake Chake njia fupi: misimu mitano ya mwanzo yote, kisha sehemu ya 15 ya msimu wa sita, ile ndugu wanajikuta kwenye dunia ambayo wao ni waigizaji wa tamthilia yao wenyewe, sehemu ya tano ya msimu wa 10, ambayo ni ya 200, ile ya gari niliyoitaja, sehemu ya 13 ya msimu wa 14, ya 300, na msimu wa 15 wote. Inakuwa kama sehemu 128. Ataona mashimo hapa na pale, ndipo mjuaji wenu apewe dakika tano za kuyaziba. Dakika tano, kwa saa.

Usiku wa jini

Msimu wa pili, sehemu ya 20. Utengeni usiku huu, msitazame sehemu nyingine, kwa sababu ubishi wake Pemba hauishi.

Jini wa tamthilia ni mtu mwenye michoro mwilini anayejificha kwenye magofu. Akikugusa, unazama kwenye ndoto ambayo haja yako kubwa imetimia. Dean anaamka dunia ambayo mama yake hakufa. Wakati huo mwili wako umening'inizwa, na yeye anakunywa damu pole pole. Anauawa kwa kisu cha fedha kilichochovywa damu ya kondoo.

Tulipomaliza, shangazi, aliyekuwa akijifanya anachambua mchele, alisema: "Huyo si jini, huyo mwizi wa damu. Jini ana kabila lake, ana ada yake, na ana adabu." Akaanza kutaja. Ruhani anataka udi na marashi na usafi. Kibuki ana ngoma yake na asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Jini humpanda mtu, na yule aliyepandwa ndiye kiti, na wanazungumza naye, wanamuuliza anachotaka. Kumchoma kisu? "Utamchoma kiti?"

Swali hilo la shangazi lilituchukua siku mbili, kwa sababu ndilo swali la tamthilia nzima. Tangu msimu wa kwanza ndugu hawa wanakabiliana na mashetani walioingia ndani ya miili ya watu, na kadiri misimu inavyokwenda wanazidi kutumia kisu na kupunguza kusoma maneno ya kumtoa. Mwanzo wanahangaika kumwokoa kiti. Baadaye hawamuulizi hata jina. Sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yote, hadi lilipotoka kwenye ungo wa mchele.

Wekeni kanuni moja usiku huo: ya tamthilia yahukumiwe kwa sheria za tamthilia, ya kwetu yasimuliwe kama ya kwetu. Anayetaka kusema "si kweli" asubiri mwenzake amalize. Hapa wapo watu wazima wanaokumbuka mwaka 1995, habari za zimwi Popobawa zilipotanda Pemba kisha Unguja, familia zikilala nje kwenye mikeka, watu wamekusanyika kwenye moto, hakuna anayetaka kubaki peke yake chumbani. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka moshi na baba akihesabu vichwa vyetu. Mtu wa namna hiyo haambiwi kwa kicheko kwamba zimwi ni mambo ya televisheni. Kahawa itamwagika.

Mapema semeni habari ya msimu wa 11

Tamthilia hii inawafanya malaika kuwa askari wanaogombana, na kuanzia sehemu ya 20 ya msimu wa 11 inamleta mtu na kusema ndiye Mungu. Msimu wa 15 inakwenda mbali zaidi. Kwa Waislamu hilo si jambo la kupita nalo kimya. Msisubiri mjomba alikute mwenyewe, akatoka amekasirika. Sisi tulilisema usiku wa kwanza kabisa, na tukakubaliana kila mtu ana ruhusa ya kukaa nje sehemu anazoona hazimfai, bila kuulizwa wala kutaniwa. Mmoja aliishia hapo hapo msimu wa 11. Hakuacha kuja, alikuwa anakaa barazani na kahawa yake, na tukitoka anatuuliza: "Haya, gari lao zima?"

Kura kwa kete

Mkimaliza, msiulizane "msimu gani bora", kwani mwenye sauti kubwa atashinda. Azimeni bao. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Tumieni safu mbili tu: ya kwanza, mashimo manane, ni msimu wa kwanza hadi wa nane, ya pili, wa tisa hadi wa 15, na shimo moja linabaki. Mkiwa watano, kila mtu anapata kete 12. Anaweza kuzitupa zote shimo moja au kuzigawa atakavyo, ila anapigia kura taa ikiwa imezimwa ukumbini, mmoja mmoja, anapapasa mashimo kwa vidole. Kupapasa kunafundisha: ukikuta shimo limeshajaa, unajiuliza kama zako zinahitajika hapo au kuna msimu yatima.

Kwetu msimu wa nne ulipata kete 17, wa tano 14, na wa 11 ukapata 9, jambo ambalo hakuna aliyelikiri. Wa saba ulipata moja. Tulimtafuta mwenye kete ile mwezi mzima. Sehemu ya mwisho kabisa, ya 20 ya msimu wa 15, ina kesi yake peke yake, kwa sababu ya 19 inafunga vita na ya 20 inafunga habari ya ndugu wawili, na watu hawakubaliani ipi ndiyo mwisho. Hiyo tuliipigia kwa mikono. Wawili, wawili, na shemeji akasema bado analia, asiulizwe.

Shimo lililobaki tuliliachia ile tamthilia ya wazazi wao, The Winchesters, ya 2022 hadi 2023, sehemu 13. Mnaweza kuitazama kwa wiki mbili. Halikupata kete hata moja, ila tulipowasha taa tulikuta humo ganda la karanga, na mwenye bao alikuwa ameshasimama mlangoni anataka bao lake.